Umri Haufungi Mlango wa Chuo

Mama wa genge mwenye miaka 38 pale Nyasura, Bunda, akisema anasomea nyumbani ili siku moja aombe chuo, majibu ya mtaani huwa yale yale. Mengi si ya kweli, na yanawarudisha nyuma watu wenye akili na nia. Nayajibu.

"Umri umekutupa mkono." Sifa za kujiunga na chuo zinapima ufaulu. Kwa astashahada nyingi, mwombaji anatakiwa awe na angalau D nne za kidato cha nne, bila kuhesabu masomo ya dini. Na neno hili linauma zaidi likisemwa mkoani Mara. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mjini Musoma na kutoa Azimio la Musoma, ambalo pamoja na mengine liliagiza kwamba aliyemaliza kidato cha sita afanye kazi kwanza, ndipo aende chuo kikuu. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro zake na baadaye ukaachwa. Lakini wazo lenyewe, kwamba mtu aliyefanya kazi anaingia darasani na kitu ambacho kijana hana, lilikuwa sera ya taifa, na lilipitishwa hapa hapa kwetu. Mama aliyeendesha genge miaka kumi anajua hesabu ya faida na hasara kabla hajafungua kitabu cha biashara.

"Uliishia la saba, basi tena." Hapana. Upo Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani, ambao wengi tunauita QT. Aliyeishia darasa la saba, au aliyeacha sekondari njiani, anaufanya. Akifaulu anaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Na binti aliyekatishwa masomo kwa ujauzito ajue kwamba Novemba 2021 serikali ilimruhusu kurudi shule, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina njia mbadala kwa asiyetaka kurudi kukaa na wadogo zake.

"Cheti cha kujitegemea hakina uzito." Namba ya mtihani ya mwanafunzi wa shule huanza na S, ya mtahiniwa wa kujitegemea huanza na P. Baraza ni lile lile. Tena mwanafunzi wa shule anaingia akiwa na alama za maendeleo alizokusanya darasani. Huyu wa nyumbani anategemea karatasi ya mtihani peke yake. C yake imetoka jasho. Ninachokubali ni kwamba fizikia na kemia bila maabara ni mlima mkali, na anayetaka kusomea uuguzi atafute mapema kituo chenye vifaa na mwalimu.

"Utaweza wapi kidato cha tano?" Si lazima kukipitia. Astashahada huzaa stashahada, na mwenye stashahada ya wastani wa 3.0 anaweza kuomba shahada. Asiyeweza kuacha watoto na genge anacho Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992 na chenye kituo Musoma.

Limebaki moja, nalo husemwa na wanaomtakia mema: "We faulu tu, Bodi ya Mikopo itakubeba." Asidanganywe. Miongozo ya Bodi kwa wanafunzi wa shahada imekuwa ikiweka ukomo wa miaka 35 wakati wa kuomba. Hapa ndipo umri unapozuia kweli, na kwa maoni yangu ukomo huo hauwatendei haki watu ambao umaskini uliwatoa shuleni mara ya kwanza. Wabunge wetu wa Mara wangeupinga waziwazi. Mpaka ubadilike, mwenye miaka 38 apange ada yake mwenyewe: aanze na astashahada ya chuo cha karibu, aulize kama ada inalipwa kwa awamu, na asisubiri mkopo.

Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, na anayechelewa hulipa faini. Kwa hiyo fedha ya kwanza kutengwa, kabla hata ya vitabu, ni ya usajili.