Chungu naye atajwe darasani

Swali la namna mbegu zinavyosambazwa halikosi katika somo la sayansi, na jibu lake wanafunzi wamelikariri kama wimbo: upepo, maji, wanyama, na tunda kupasuka. Ukiwauliza ni wanyama gani, watakutajia ndege, tumbili na ng'ombe. Chungu, mdudu wanayemkanyaga kila siku, hatajwi. Naona kimya hicho kinatupunja, walimu na wanafunzi kadhalika.

Tuutazame mbarika, ambao hujiotea ovyo katika viwanja vingi nchini. Tunda lake likikauka hupasuka na kuzirusha mbegu, na wengi wetu hukomea hapo. Lakini kila mbegu ina kinundu laini nchani, chenye mafuta. Hicho ndicho ujira wa mchukuzi. Chungu huiburura mbegu hadi shimoni, kinundu kikaliwa, na mbegu yenyewe, ngumu na nzima, ikatupwa jaani penye rutuba. Aina za mimea inayosafirishwa na chungu zakadiriwa kupita 11,000 duniani.

Anayedhani haya ni mambo ya kuchekesha watoto na aitazame Afrika Kusini. Katika vichaka vya finbosi, eneo la Rasi, moto hupita mara kwa mara, na mimea mingi huota upya kutokana na mbegu zilizofukiwa na chungu wenyeji. Kisha wakavamia chungu wa asili ya Ajentina. Hawa hula kinundu papo hapo na kuiacha mbegu juu ya ardhi, iliwe na panya. Mwaka 1984 watafiti William Bond na Peter Slingsby walieleza kwamba, baada ya moto, mbegu za mmea mmoja wa jamii ya protea ziliota kwa asilimia 35 palipokuwa na chungu wenyeji. Palipovamiwa hazikufika hata asilimia 1.

Najua nitaambiwa silabasi ni ndefu na mtihani haungoji. (Mtihani huo huo ndio uliotufunza kukariri!) Hata hivyo, jaribio lenyewe halihitaji maabara. Mbegu kumi za mbarika zatosha: tano zenye vinundu na tano zilizobanduliwa, zipangwe kando ya njia ya chungu, na wanafunzi waandike kila baada ya dakika kumi ni zipi zimeondoka. Mwalimu azishike mwenyewe, maana zina sumu kali mno, na azihesabu zilizobaki kabla ya kengele.