Bangili haina skrini, lakini inakusoma
Ukiona kijana mtaani amevaa bangili nyeusi isiyo na skrini, usidhani ni urembo. Ile ya Whoop, kwa mfano, humulika ngozi kwa taa ndogo, ikasoma mapigo ya moyo mchana na usiku, kisha programu kwenye simu inakupa alama za usingizi. Na uanachama unalipiwa.

Mimi niliazima ya beshte, ya kampuni nyingine, wiki mbili. Naamka fiti kabisa, simu inasema sijapumzika, na kweli nachoka! Hapo nikaivua.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya yako kuwa data nyeti. Wewe ulipobonyeza “nakubali”, ulisoma nani mwingine ataziona? Mimi sikusoma.