Dawa Nyekundu na Maneno ya Stendi ya Dumila

Mama anayengoja basi pale Dumila, njia panda ya Kilosa, aende Ocean Road, hospitali ya saratani jijini Dar es Salaam, kuchomwa dawa za saratani ya matiti, husindikizwa na ushauri asiouomba. Mwingi unahusu moyo.

"Ile dawa nyekundu inaua moyo, bora ubaki na uvimbe wako." Kuna chembe ya ukweli. Doksorubisini, ndiyo hiyo dawa nyekundu, inaweza kudhoofisha misuli ya moyo, na hatari hupanda kadiri jumla ya dozi inavyoongezeka. Ndiyo maana dozi huhesabiwa. Mpango uliozoeleka ni mizunguko 4 ya miligramu 60 kwa kila mita ya mraba ya mwili, jumla 240. Eneo la kuogopwa zaidi huanzia 400 hadi 550. Aliyewahi kuchomwa zamani aseme, maana hesabu haianzi upya. Na ule mkojo mwekundu wa siku ya kwanza au ya pili si damu, ni rangi ya dawa. Ama kubaki na uvimbe, huo nao unaua, tena bila kupimiwa dozi.

"Presha iko sawa, basi na moyo uko sawa." Hapana. Presha ya juu huongeza hatari, kwa hiyo idhibitiwe, lakini nguvu ya moyo kusukuma damu huonekana kwa eko, ile ultrasaundi ya moyo. Wanaotumia trastuzumabu, dawa nyingine ya saratani ya matiti inayoweza kugusa moyo, huirudia eko kila miezi 3 hivi. Nguvu ikishuka, dawa husimamishwa, na mara nyingi moyo hurudi. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Muhimbili, jiji lile lile la Ocean Road. Nauli ya Dumila si ndogo: omba miadi yote miwili iangukie safari moja.

"Chemsha majani ya mstafeli." Hayajathibitika kulinda moyo, na mitishamba mingine hugongana na dawa. Kama unayanywa, mwambie daktari.

"Alale tu, asiguse kazi." Kutembea kidogo kidogo humfaa zaidi, daktari akiruhusu.

"Dripu zimeisha, yameisha." Hili ndilo linalonikera kuliko yote. Moyo unaweza kulegea miaka kadhaa baadaye: ndoo ya maji inamhemesha, miguu inavimba jioni, usiku halali bila kuegemea mito. Akienda zahanati bila kutaja ile dawa, anaweza kutibiwa pumu. Atunze karatasi yenye jina la dawa na jumla ya dozi, aitoe kabla hata hajaulizwa anaumwa nini.