Darth Vader alikuwa mtoto, haya. Na Bwana Msa je?

Haya jamani, nimerudi. Najua nimewapotea wiki tatu nzima, lakini mitihani ilinikaba koo. Imekwisha sasa, alhamdulillahi, yaliyobaki ni ya Mungu na ya wasahihishaji. Leo sina habari za chuo. Leo nina ugomvi. Mwenzangu wa chumba kimoja hapa dakhalia, Tunguu, hanisemeshi tangu Jumatano, na sababu yenyewe mkiisikia mtacheka: hadithi.

Suala ni hili. Kuna hadithi unaipenda, umekua nayo, imeanza na imekwisha. Halafu anatokea mtu anasema, ngoja nikuhadithie yaliyotokea kabla. Umshukuru au umwambie anyamaze?

Ilianza siku tuliyomaliza mtihani wa mwisho. Tulikuwa watu saba chumbani, pamoja na mdogo wangu wa miaka 13 aliyekuja kunitembelea kutoka mjini. Kompyuta moja, bakuli za urojo zinapita huku na huku, tukakubaliana kuangalia Star Wars zile sita za George Lucas mpaka usingizi utushinde. Kabla hata hatujabonyeza kitu, vita. Tuanzie wapi?

Kwa msiozijua: muvi ya kwanza ilitoka 1977, ya pili 1980, ya tatu 1983. Humo mna Darth Vader, bwana mmoja kavaa nguo nyeusi na kofia iliyomfunika uso mzima, anapumua kama pampu ya baiskeli. Katika ile ya 1980 anamwambia kijana Luke kwamba yeye ndiye baba yake. (Kama nimekuharibia, niwie radhi, lakini miaka zaidi ya 40 si midogo.) Ya 1983 ikafunga hadithi. Watu wakakaa miaka 16. Mwaka 1999 Lucas akarudi, tena akarudi kinyumenyume: Vader alikuwa nani kabla hajawa Vader? Zikatoka tatu, 1999, 2002 na 2005, na hizo ndizo sehemu ya 1, 2 na 3. Zile za zamani ni ya 4, 5 na 6. Yaani sehemu ya 1 imezaliwa miaka 22 baada ya sehemu ya 4. Mdogo mtu kamtangulia mkubwa.

Miye nikasema tuanze na ya 1977, kama walivyoanza wenyewe. Mwenzangu akasema kitabu hakifunguliwi katikati. Akanimaliza kwa methali: "Mwacha asili ni mtumwa!" Watu wakapiga makofi, nikashindwa kura sita kwa moja.

Sasa niwaambie kinachonikera katika hizi za asili. Vader wa 1977 anatisha kwa sababu humjui. Anaingia kwenye moshi, hasemi katoka wapi, unabaki na hofu yako. Vader wa 1999 ni mtoto wa miaka tisa anayeitwa Anakin, anashindana mbio, ana mama yake. Ile Nguvu ya Jedi ambayo zamani mzee mmoja aliieleza kwa maneno mawili matatu ukahisi unasimama mwili, sasa inapimwa kwenye damu kama malaria. Na yule roboti mwoga wa rangi ya dhahabu, C-3PO, kumbe aliundwa na Anakin huyohuyo! Ulimwengu mzima, nyota hazihesabiki, umegeuka Mji Mkongwe: ukikata kona tu unakutana na binamu yako.

Na sikuwa peke yangu kulalamika. Watu walilalamika dunia nzima, ingawa muvi ile ya 1999 iliingiza zaidi ya dola milioni 900. Hapo ndipo penye kichekesho cha sie mashabiki. Mtu anatoka sinema anatukana, wiki ijayo yuko kwenye foleni tena. Huwezi kumkasirikia hivyo mtu usiyempenda.

Ila matusi yale yaliwafika watu wenye roho zao. Ahmed Best, aliyecheza Jar Jar Binks, alisema hadharani mwaka 2018 kwamba maneno ya watu yalimfikisha karibu na kujitoa uhai. Huyo alikuwa kijana aliyepata kazi akaifanya. Halafu ona dunia: watoto waliokuwa skuli za msingi 1999 wamekua, na wao zile tatu ndizo zao, wanazipenda. Best alirudi 2023 katika The Mandalorian, safari hii akiwa Jedi, akapokewa kwa furaha. Sehemu ya 1 yenyewe ilirudishwa kwenye majumba ya sinema mwaka 2024 kutimiza miaka 25.

Haya, turudi chumbani. Tulipofika ile ya 1980, Vader anamwambia Luke maneno yale, sie wakubwa wote tukageuka kumtazama mdogo wangu, tuone atakavyoruka. Hakuruka. Alikuwa ameshika mdomo, macho yamemlowa. Akasema, "Maskini, ndo anamwambia leo?"

Jamani. Miye nilipoiona nikiwa na umri kama wake niliona jitu baya limegeuka baba. Yeye kaona baba aliyepotea tangu udogoni, na alikuwa akingoja siku nzima amwambie mwanawe. Hadithi ni ileile, machozi mengine. Moyoni nilijua nimeshindwa, lakini mdomoni sikukubali ng'o.

Na hapo ndipo mwenzangu alipotoa daftari lake. Kumbe anaandika hadithi ya ujana wa Bwana Msa.

Nikawaka. Star Wars ni ya Wamarekani, wafanye watakalo. Bwana Msa ni wetu! Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918, barabara hiihii inayopita Tunguu ndiyo inayokwenda kwao. Aliandika Mzimu wa Watu wa Kale, kikatoka 1960, kisha Kisima cha Giningi 1968, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mwana wa Yungi Hulewa, na Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Mwandishi akafariki 1991. Bwana Msa ni mtu wa kiko, anatulia, anawaza, na rafiki yake Najum yupo pembeni anajiuliza kama sie wasomaji. Nilivisoma kwa nakala za babu zilizochakaa, na sikuona popote nilipohitaji kujua alikuwa mtoto wa namna gani. Nikamwambia mwenzangu, "Mwache mzee wa watu apumzike. Kama una hadithi, tafuta mtu wako." Nikaongeza na jengine ambalo silirudii hapa. Akafunga daftari. Ndo mpaka leo.

Ijumaa nikaenda mjini kwa bibi. Nikampa mkasa wote, akacheka, kisha akaanza kunihadithia alivyokuwa msichana. Filamu ya Kihindi ikija Majestic, pale Vuga, yeye na wenzake wakijifunga mabuibui, wanakwenda kulia, wanarudi wanaimba njia nzima. Bibi yangu! Huyu anayenigombeza nikichelewa kurudi! Kwa nusu saa nilimwona ana miaka kumi na saba. Nikampenda zaidi.

Nikapata tamaa, nikamuuliza ya 1964. Akanyamaza. Halafu akasema, "Kula, chakula kinapoa." Nikala. Sikumuuliza tena.

Njiani kurudi nikawaza. Kumbe sote wazee wetu tunawajua kuanzia sehemu ya 4. Tunawakuta wameshazeeka, wameshakuwa hivyo walivyo, na habari za mwanzo tunazipata baadaye vipandevipande, kama tukibahatika. Hakuna anayesema bibi ameharibika kwa sababu nimejua alikuwa msichana. Lakini pia si kila mlango ni wa kusukuma.

Kwa hiyo rai yangu, wadau, ni hii. Hadithi ya kabla si haramu. Ubaya wake huja pale inapoweka jibu penye kila ukimya, hadi kofia na roboti vipewe ukoo. Uzuri wake ni pale inapokwenda mahali palipoachwa wazi. Tazameni Rogue One ya 2016: mwanzoni mwa ile ya 1977 tuliambiwa kwa mstari tu kwamba kuna majasusi walioiba ramani. Miaka 39 hakuna aliyewakumbuka. Muvi ikaenda kwao, watu wasio na jina, ikatuonyesha walilipa nini. Mwisho tunaujua, na bado roho inakudunda. Hiyo sikulalamika hata mimi.

Na sie mashabiki tupunguze ulezi. Aliyekuja kabla hana haki ya kumfungia mlango anayekuja nyuma. Huenda kuna mtoto mahali, hajawahi kumsikia Bwana Msa, akaanzia kwenye daftari la mwenzangu, kisha siku moja akaenda kutafuta Mzimu wa Watu wa Kale kwa hamu kuliko niliyokuwa nayo miye. Akilia pahala nisipolia, kitabu hakijapungua kitu.

Basi ndugu yangu, najua utasoma hapa, maana kunisemesha hutaki lakini kunichungulia unataka. Nisamehe. Lile neno la mwisho halikuwa la haki. Andika, tena nataka niwe msomaji wa kwanza. Urojo wa Jumapili juu yangu.

Sharti moja tu: kile kiko sitaki kujua alikipata wapi.

Nawasilisha.