Namlilia Ben Mtobwa, hata kama nimechelewa

Wasee, kuna wale huuliza: utamliliaje mtu aliyekufa ukiwa nasari? Ben Mtobwa alikufa 2008. Mimi nimemjua juzi tu, na bado naomboleza. Nadhani niko na haki.

Kama humjui, sikulaumu. Alizaliwa Kigoma, Tanzania, mwaka 1958, akawa mwanahabari, halafu akatupa Joram Kiango, mpelelezi mtanashati, mjanja, asiyejua kuogopa. Pembeni yake yuko Nuru. Kwa Tutarudi na Roho Zetu? wanapambana na njama za makaburu wa Afrika Kusini, na kitabu kilitoka wakati ubaguzi wa rangi ulikuwa bado unaua watu kweli. Sasa mtu aniambie hadithi za upelelezi ni za kupoteza muda. Zii.

Hapa Lodwar tulifunzwa Kiswahili cha ngeli, insha na vitabu teule. Unasoma huku ukitafuta swali la mtihani. Mtobwa ndiye alinionyesha Kiswahili kinaweza kukunyima usingizi. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilipokwama, kwa hivyo hakuna aliyekuwa ananitahini. Nilisoma tu kwa sababu nilitaka kujua nani anafuata kufa.

Na kitabu chenyewe sikukipata dukani. Alinipa rafiki yangu Mkongomani anayeishi Kakuma, kama kilomita 120 kutoka hapa. Ile kambi iko tangu 1992, na Wakongomani na Warundi walioko huko wanaongea Kiswahili kila siku bila kuwaza alama. Nakala haikuwa na jalada, kurasa za mwisho zimeshikiliwa na selotepu. Imepita kwa mikono mingapi? Hayo ndiyo maombolezo naheshimu: kitabu kuchakaa kwa kusomwa.

Sisemi marehemu alikuwa malaika. Wanawake wake wengi ni warembo kwanza, binadamu baadaye, na leo hilo linakera. Unaweza kumpenda mtu na bado umwambie ukweli.

Kinachoniuma ni kwamba hata A. E. Musiba, aliyemuumba Willy Gamba, alituacha 2010, na wengi wa rika letu hatukusikia. Lakini Sherlock Holmes tunamjua, hadi nyumba yake London. Si vibaya kumjua. Vibaya ni kujua wa mbali pekee, na jirani anazikwa kimya.

Kwa hivyo RIP ya mwandishi isiishie kwa status. Tafuta kitabu chake. Ukikipata kinauzwa, nunua, maana PDF ya kuibiwa haiachii familia yake hata shilingi. Ukimaliza usikifungie kabatini, mpe msee mwingine asome. Nakala zikiisha, watakaokuja baada yetu hawatajua hata walipoteza nani.

Wewe unamlilia mwandishi gani?