KIPIMO KILICHOPUNJWA: MPANDA NA KIGOMA



Wako wenye kutwambia kwamba nchi imekuwa ndogo kwa sababu ya viwanja vya ndege. Wakiulizwa umbali baina ya Mpanda na Kigoma, hulaza rula juu ya ramani na kujibu: "Ni kiasi cha kilomita 225 tu, ndege huzikata kwa muda usiofika saa moja." Hesabu hiyo ni sahihi. Walakini ni nusu ya kipimo, na sisi tuliosomeshwa chuoni, kisha tukakaa nyuma ya mizani, twaijua hukumu ya mwenye kupunja.

Twauliza: ndege yenyewe iko wapi? Kiwanja si safari. Siku ambayo hapana ndege ya moja kwa moja, abiria anayetaka kuruka hana budi aende kwanza Dar es Salaam, kiasi cha kilomita 900 upande wa mashariki, kisha arejee magharibi kilomita 1,080 nyingine. Jumla yake ni kilomita 1,980. Ameivuka karibu nchi nzima mara mbili ili afike kwa jirani yake! Na bado hatujatia nauli mbili, wala usiku wa kulala mjini akingojea ndege ya pili. Mkulima wa mpunga wa Mpimbwe atayalipa kwa nini hayo? Na mwenye mgonjwa afanyeje?

Enzi ya Mwingereza, reli ya kilomita 210 ilitandikwa kutoka Kaliua hadi Mpanda. Haikutandikwa kwa kuwahurumia Wabende wala Wapimbwe. Ilifuata madini ya risasi. Hayo ndiyo mambo ya mtawala mgeni, wala hatuyastaajabii. Lakini Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012, na serikali ya wananchi wenyewe. Ikiwa kiwanja chake nacho kitaelekezwa Dar es Salaam peke yake, kwa ajili ya wakubwa na mikutano yao, tofauti iko wapi?

Huenda mtu wa visiwani akasema: "Mpanda yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Baina ya kiwanja cha Unguja na cha Pemba ni kilomita 125 hivi, na Mpemba aliyelala bandarini akingojea chombo hakufarijiwa na ramani hata siku moja.

Kwa hivyo twadai mambo matatu. Kwanza, kila mwenye kutangaza masafa atangaze na muda wote: wa kungojea, wa kubadilisha ndege na wa kulala njiani. Pili, Mpanda, Kigoma, Tabora na Sumbawanga ziunganishwe zenyewe kwa zenyewe kwa ndege ndogo, zenye siku maalumu na nauli inayolipika. Tatu, reli na barabara zisisahauliwe kwa kisingizio cha kiwanja, maana ndizo zimbebazo maskini pamoja na gunia lake.

Mwenye kupima kwa haki hamwogopi mnunuzi. Nasi ndio wanunuzi. Twataka ratili kamili.