Wenye Nyumba wa Dodoma, Acheni Pupa

Ndugu zangu wenye nyumba, jiji letu limeingiwa na ugonjwa. Kijana anatafuta fremu Nkuhungu au Ilazo afungue duka na mkewe. Mwenye fremu anamwambia alete kodi ya mwaka mzima. Dalali naye anadai ya mwezi mmoja. Kijana anakomba akiba yote ya nyumbani, na siku ya kufungua, rafu zina miche miwili mitatu ya sabuni, chumvi na biskuti, basi. Mteja akiulizia unga, hakuna. Mwaka hauishi, mlango umetiwa kufuli.

Huo ni utafutaji gani? Mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Duka likifa, fremu yako hukaa tupu ikijaa vumbi. Likisimama, mpangaji hulipa mwaka nenda mwaka rudi, wala humfuatilii. Haba na haba hujaza kibaba. Nani asiyelijua hilo?

Nanyi si watu wa kubezwa. Chama cha TANU kiliamua mwaka 1973 makao makuu ya serikali yahamie Dodoma, lakini uhamiaji wenyewe haukushika kasi mpaka 2016. Miaka yote hiyo ninyi mlifyatua tofali na kuezeka bati kwa fedha za alizeti na zabibu, bila mkopo wa mtu. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanza 2007, na watumishi wa serikali walipokuja, wengi walipata pa kulala kwenu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mmepona, alhamdulillahi. Mbona sasa mnamkaba mgeni koo?

Na hili la kodi ya majengo siwezi kulinyamazia. Tangu 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU. Anayenunua umeme ni mpangaji. Mwenye jengo ni wewe. Je, unamrudishia? Wengi mnauchuna. Kula haki ya mtu ni dhuluma, na dhuluma haina baraka. Msikitini tunaambiwa, kanisani tunaambiwa.

Basi tujirekebishe. Anayeanza biashara mpokee kodi ya mwezi mwezi, akisimama alipe miezi mitatu mitatu. Andikishaneni mkataba, na kodi ya majengo anayokatwa kwenye LUKU ipunguzwe kwenye kodi yake ya pango. Wanao nao kesho watatafuta fremu kwa watu, na Mungu hashindwi kuwapa mwenye nyumba wa namna yako.